Mtoto anataka kujifunza kinanda: kumpata mwalimu Arusha na Moshi, na kuongea naye mpaka mambo yaende

Wazazi wengi wa huku kwetu mtoto akisema anataka kujifunza mziki tunakimbilia kuuliza vitu viwili tu, mwalimu mzuri yuko wapi na anachaji shingapi. Ni maswali ya maana, ila kinachofanya mtoto afike mbali au aachie njiani baada ya miezi miwili mitatu mara nyingi sio hicho, ni maongezi kati ya mzazi na mwalimu. Ticha anamwona mtoto nusu saa au saa moja kwa wiki, siku zingine zote mtoto yuko na wewe, kwa hiyo kama hamna taarifa inayotoka nyumbani kwenda kwa ticha na inayorudi, kila Jumamosi mnaanza upya na hela inaenda. Nimepanga hatua zote hapa kuanzia unapowaza mpaka siku mnapoachana na mwalimu, na kwenye mawasiliano nimekaa sana maana huko ndo watoto wanapopotelea.

Anza na mtoto na ratiba yake

Kinanda mtoto wa miaka 5 mpaka 7 anaanza vizuri tu kama anaweza kutulia na kitu kimoja dakika kumi na tano na anajua kuhesabu na herufi A mpaka G, maana ndo majina ya noti. Gita linataka vidole vyenye nguvu kidogo, miaka 7 au 8 ni sawa zaidi, na mtafutie gita dogo, yapo ya nusu na ya robo tatu, yenye nyuzi za nailoni. Nyuzi za chuma zinamuumiza vidole wiki ya kwanza tu na hataki tena kulishika. Fidla nayo zina saizi kulingana na urefu wa mkono, usimnunulie kubwa ili akue nayo, mkao unaharibika na kuurekebisha baadaye ni kazi. Tarumbeta subiri meno ya mbele ya ukubwani yaote na yakomae, miaka 8 au 9 hivi, na hapo kwa upande wa Moshi una bahati maana kuna sharika za KKKT zenye bendi za matarumbeta zinazochukua watoto na kuwafundisha humohumo, kwa hiyo ulizia usharikani kwanza kabla hujatoa hela popote.

Alafu chukua karatasi uandike wiki ya mtoto ilivyo kweli, sio unavyotamani iwe. Basi la shule linamchukua saa ngapi, anarudi saa ngapi, tuisheni, homuweki, madrasa kama anaenda. Jumamosi ndo kila mtu anaitaka na ndo siku yenye mafundisho ya kipaimara, kwa familia za Wasabato hiyo siku haipo kabisa. Kama mtoto yuko darasa la nne au la saba jua mitihani ya taifa itakula muda, la saba huwa Septemba na la nne huwa Oktoba au Novemba, mwambie mwalimu mapema kabisa. Na umbali uangalie bila kujidanganya: kutoka Ngaramtoni mpaka Njiro jioni, na foleni za pale mjini, mtoto anafika kachoka na kalala njiani. Mwalimu wa kawaida aliye mtaa wa pili anaweza kumfaa mtoto kuliko mwalimu bingwa aliye upande mwingine wa mji.

Walimu wako wapi

Wako wengi kuliko tunavyodhani. Makanisani ndo chimbuko, walimu wa kwaya na wapiga vinanda, na wengi wanafundisha watoto majumbani. Pale Usa River kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira ambacho kinafundisha mziki mpaka digrii, kwa hiyo Arusha, Tengeru mpaka Moshi utakuta wahitimu na wanafunzi wa pale wanaotafuta watoto wa kufundisha. Shule za kimataifa za Moshi na Arusha zina walimu wa mziki, baadhi wanafundisha nje ya saa za kazi, ila muulize kama shule yake inaruhusu. Kuna pia wanamziki wanaopiga mahotelini, wana uzoefu mkubwa wa jukwaa, ila uzoefu wa kupiga na uzoefu wa kukaa na mtoto wa miaka 7 aliyeanza kupiga miayo ni vitu viwili tofauti, usiogope kumuuliza hicho cha pili.

Sasa kuna jambo moja la huku kwetu ulielewe vizuri. Wapiga vinanda wengi wa kanisani, na wanapiga vizuri kweli, wamejifunza kwenye C peke yake, yani kila wimbo wanaupiga kwenye ngazi hiyohiyo moja ya noti. Kwaya ikipandisha sauti wanabonyeza kitufe cha transposi, kinanda kinapanda chenyewe, vidole vinabaki palepale. Ibada inaenda na hakuna anayejua. Lakini mtoto akifundishwa hivyo, siku akikaa kwenye piano ya kawaida ambayo haina hicho kitufe, au akipiga na mwenye gita anayetaka G, anakwama. Kwa hiyo muulize mwalimu kwa heshima tu: "Mwalimu, mtoto atajifunza skeli zipi mwaka wa kwanza?" (skeli ndo hizo ngazi za noti). Akikwambia C, G na F, mikono yote, bila transposi, umepata mtu. Akishangaa swali, bado anaweza kuwa mwalimu mzuri wa kumpa mtoto sikio na mdundo, ila ujue unachonunua.

Ulizia pia noti na solfa. Mtoto wa kwaya ya watoto anaweza kuwa tayari anasoma d r m f s l t kwenye zile karatasi za fotokopi, hiyo ni faida kubwa na mwalimu asiitupe. Mzuri ni yule anayechukua solfa ya mtoto akamvusha taratibu kwenye noti za mistari mitano, huku akimwachia nafasi ya kupiga kwa sikio. Mtoto anayesoma tu bila sikio anakuwa mgumu, na wa sikio tu anafika mahali anagota.

Meseji ya kwanza

Walimu wanapokea meseji za "mambo, somo bei gani" kila siku na nyingi zinaishia hapo. Ukiandika hivi unajibiwa:

"Habari za mchana mwalimu. Mimi ni mama Junior, nimepewa namba yako na mpiga kinanda wa usharika wetu. Nina mtoto wa miaka 8, darasa la tatu, anataka kujifunza kinanda, hajawahi kufundishwa ila anaimba kwaya ya watoto. Tunakaa Njiro na nyumbani tuna kinanda cha funguo 61. Tunaweza Jumatano jioni au Jumamosi asubuhi. Unafundisha watoto wa umri huu? Nikupigie saa ngapi tuongee?"

Kama mwalimu ni mtu mzima anza na shikamoo. Akikubali, piga simu, usimalizane naye kwa meseji, sauti inakwambia mengi. Muulize amefundisha watoto wa umri gani, somo lake la kwanza huwa linaendaje, na anafanyaje mtoto akija hajafanya mazoezi. Hilo la mwisho ndo linalokuonyesha mtu alivyo. Anayesema "namchapa kidogo anakaa sawa" mshukuru na uendelee kutafuta. Anayesema anafanya mazoezi naye hapohapo ili aone mtoto anakosea wapi, huyo mwelewe.

Alafu omba somo moja la majaribio na ulilipie, muda wa mtu ni hela. Kaa pembeni kimya. Angalia mtoto amepiga muda mrefu kiasi gani na mwalimu ameongea kiasi gani, maana mtoto mdogo anatakiwa vidole vyake viwe kwenye kinanda sehemu kubwa ya somo. Mkirudi nyumbani usimuulize "umempenda mwalimu?", atasema ndio ili akufurahishe. Mwambie akuonyeshe alichojifunza. Akikimbilia kinanda mwenyewe umeshapata jibu lako.

Makubaliano, na yaandikwe

Hapa watu wa kwetu tunaona aibu, tunaona kuandika ni kutoaminiana, na mwisho wake mtu anakasirika kimoyomoyo miezi mitatu alafu anapotea. Mkishaongea kwa simu, siku hiyohiyo tuma meseji moja: "Mwalimu asante kwa maongezi. Naandika tulivyokubaliana ili wote tukumbuke," alafu orodhesha. Yaguse haya.

Malipo ni kwa somo au kwa mwezi? Tuseme mfano tu, ticha kasema elfu 20 kwa somo, mwezi ni elfu 80. Mwezi wenye Jumamosi tano je? Likizo ya Juni na ya Disemba mnapoenda kijijini wiki tatu, unalipa nusu ili akushikie nafasi au hulipi na akimpa mwingine hiyo saa huna neno? Nauli ya kuja kwako imo ndani ya bei au ni nje? Mvua za masika zikiharibu barabara za ndani, na hili kwa Moshono au kwa wanaokaa juu huko migombani linatokea kila mwaka, nani anamwambia nani na kabla ya saa ngapi? Mtoto akiumwa asubuhi hiyohiyo, somo linafidiwa au limeenda? Mi naona haki ni hivi: ukitoa taarifa siku moja kabla linahamishwa, ukitoa saa moja kabla unalipa, na mwalimu asipokuja analifidia bila kuulizwa. Kitabu ananunua nani. Hela inatumwa lini na kwenye namba ipi, na ukituma kwa simu andika "malipo ya mwezi wa tano" ili siku mkihesabu msibishane.

Lipa siku mliyosema. Mwalimu wa mziki wa huku anaishi kwa hizi hela ndogondogo za watoto saba nane, ukichelewa wiki mbili sio wewe tu uliyechelewa. Ukikwama sema kabla tarehe haijafika, hata meseji fupi, "mwalimu mwezi huu nitatuma tarehe 5 badala ya tarehe 1, samahani kwa usumbufu", inatosha kabisa kulinda heshima ya pande zote.

Usalama

Hili sitalizungusha. Somo lifanyike sebuleni au chumba ambacho mlango uko wazi, na mtu mzima yuko nyumbani, iwe kwako au kwa mwalimu. Meseji zote ziende kwa mzazi, mwalimu hana sababu ya kuchati na mtoto wa miaka 10 usiku. Vidio za mtoto zinazotumwa kwa ajili ya somo zisiwekwe mtandaoni bila wewe kukubali. Mwambie mwalimu haya siku ya kwanza kwa utulivu, mwalimu mwema hatachukia, wengi wanafurahi maana yanawalinda na wao. Na mtoto ajue anaweza kukwambia chochote. Kukiwa na shida, kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na namba 116 ya huduma kwa watoto inapigwa bure.

Kinanda cha nyumbani

Kwa kuanzia funguo 61 zinatosha, lakini kiwe na funguo za saizi ya kawaida sio zile nyembamba za midoli, na kiitikie mguso, yani ukigonga polepole sauti ndogo, ukigonga kwa nguvu sauti kubwa. Piano kamili ina funguo 88, hiyo itakuja baadaye akiendelea. Ukinunua cha mtumba bonyeza kila ufunguo mmoja mmoja, polepole alafu kwa nguvu, mpaka wa mwisho, na chungulia chini usome adapta inayotakiwa ni ya volti ngapi, watu wameunguza vinanda kwa kuchomeka adapta yoyote iliyoingia. Kinachokubali na betri ni bora, umeme ukikatika saa 1 jioni mazoezi hayafi. Stendi na kiti visawazishwe mpaka viwiko vya mtoto viwe usawa wa funguo, kuweka kinanda kwenye meza ya kulia chakula kunampandisha mabega mpaka yanauma.

Mawasiliano ya kila wiki

Nunua daftari dogo la mistari, liwe la mziki tu. Kila mwisho wa somo mwalimu aandike mistari mitatu: afanye nini, kutoka wapi mpaka wapi, kwa spidi gani. Kama mwalimu sio mtu wa kuandika, mwombe arekodi vidio ya dakika moja kwenye simu yako akipiga kile mtoto anachotakiwa kufanya, polepole, mikono ikionekana kwa juu. Hii vidio ina thamani kuliko maelezo yote, maana Jumatano mtoto anaposema "mwalimu hakusema hivyo" mnaangalia pamoja na yanaisha.

Alafu wewe mrudishie. Sio kila siku, usimchoshe mtu, mara moja kwa wiki siku moja kabla ya somo inatosha. Na usiulize "mtoto anaendeleaje?", swali hilo mwalimu atalijibu "anaendelea vizuri" na hakuna mtu aliyejifunza kitu. Mwambie unachokiona kwa jicho, hata kama mziki huujui kabisa. Angalia hii:

"Mwalimu habari za jioni. Wiki hii kafanya siku nne, siku mbili homuweki zilizidi. Mkono wa kulia anapiga mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Akiunganisha mikono anakwama mstari wa pili pale kidole gumba kinapopita chini, na akikwama anarudi mwanzo kabisa. Wimbo wa pili hajaugusa, anasema haupendi. Kesho tupo saa 4 kama kawaida."

Ona mwalimu anapata nini hapo. Anajua tatizo ni gumba, anajua mtoto ana tabia ya kurudi mwanzo (wengi wanayo, ndo maana wimbo mwanzo mzuri mwisho mbovu), na anajua kuna wimbo wa kubadilisha. Anaingia somoni akiwa tayari, nusu saa yote inaenda kwenye kutibu badala ya kupeleleza. Na pengine atakujibu usiku huohuo, "mama Junior asante, mwambie leo asiunganishe, apige vipande viwili tu vya pale anapokwama, polepole, mara nne, alafu aache". Umepata somo la bure kwa meseji moja.

Anayekaa na mtoto saa za mazoezi ndo awe na taarifa. Kama wewe unarudi kazini saa 2 usiku na dada wa nyumbani ndo yuko naye, mwonyeshe dada daftari na ile vidio, na yeye akwambie alichoona, ana macho na masikio mazuri tu. Baba yuko Dar au yuko safari na wageni wa Serengeti wiki mbili, mtumie vidio ya mtoto akipiga, mtoto akijua baba ataisikiliza anakaza. Sauti za WhatsApp ndefu za dakika sita punguza, mwalimu yuko kwenye daladala au yuko na mtoto mwingine, andika. Na baada ya saa 3 usiku acha mpaka asubuhi.

Likitokea la kukwaza lisemwe mapema na lisisemwe mbele ya mtoto. Mwalimu amechelewa mara kadhaa mfululizo: "Mwalimu, naona saa 4 imekuwa ngumu siku hizi. Tuhamishie saa 5, au kuna siku nyingine inakufaa zaidi?" Umesema tatizo, umempa njia, hujamvunjia heshima. Akiendelea vilevile hata baada ya hapo, basi tatizo sio saa.

Mazoezi, na siku mtoto akisema hataki

Mdogo dakika 10 mpaka 15 kila siku zinamfikisha mbali kuliko saa moja ya Ijumaa usiku kuziba pengo. Weka saa isiyohama, mfano baada ya chai ya jioni kabla TV haijawashwa. Mkono mmoja kwanza, alafu mwingine, alafu yote polepole. Usitumie kinanda kama adhabu hata siku moja, "umevunja sahani nenda kapige skeli", mtoto ataunganisha vile vitu viwili kichwani na hutavitenganisha tena.

Akisema hataki tena usikimbilie kumwachisha wala kumlazimisha, tafuta sababu. Mara nyingi ni moja kati ya hizi: wimbo umemzidi, saa ya somo imeangukia wakati wenzake wanacheza mpira nje, au kuna neno mwalimu alisema likamchoma. Mpigie mwalimu, mwambie mtoto alivyosema kwa maneno yake, mwombe wiki mbili za vitu vyepesi pamoja na wimbo mmoja anaoupenda mtoto mwenyewe, hata kama ni wa Sunday school au wa bongofleva. Baada ya hapo bado hataki? Mkae wote watatu muongee.

Mitihani

Sio lazima. Ila wapo wanaopenda mtoto awe na cheti, na inayojulikana zaidi ni ile ya bodi ya mitihani ya mziki ya Uingereza inayoitwa ABRSM, inaanza na hatua ya awali alafu gredi 1 mpaka 8. Tangu 2020 wana mitihani ya kupiga inayorekodiwa kwa vidio: mtoto anapiga nyimbo nne mfululizo bila kukata rekodi, mnapandisha mtandaoni, kwa hiyo hata aliye Himo anaweza kufanya akiwa sebuleni kwao. Jua tu kwamba kuanzia gredi 6 wanadai kwanza mtoto awe amefaulu gredi 5 ya nadharia au mbadala wake, kama mnalenga huko nadharia isiachwe nyuma. Muulize mwalimu kama ameshawahi kuandaa mtoto kwa mtihani huo na mkubaliane kabla kama maandalizi yana malipo ya ziada.

Mkiachana na mwalimu

Watoto wanahama shule, walimu wanapata kazi Dar, au mtoto amefika mwisho wa kile mwalimu huyu anachoweza kumpa, na mwalimu muungwana atakwambia mwenyewe. Toa taarifa ya mwezi mmoja, maliza deni lote, na mtoto aende mwenyewe kuaga na kushukuru, sio kupotea tu na kuacha kupokea simu. Mwombe mwalimu aandike kwenye lile daftari mtoto ameishia kitabu gani ukurasa wa ngapi, skeli anazozijua, anachofanya vizuri na kinachomsumbua, na daftari hilo ndo unampelekea mwalimu mpya siku ya kwanza.